Taa ya Kushukia Shimoni

Mchimba kisima akishapita futi 15, mwanga wa juu unaanza kumwacha. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, bado anaona ncha ya mtaimbo wake. Saa nane kivuli kimeshapanda ukutani, na akifika futi 40 anafanya kazi kwa tochi hata kama juu watu wanaanika mahindi. Mashimo ya namna hii ni mengi Kisii na Nyamira: visima vya maji, vyoo vya shimo, makaro ya nyumba mpya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, mashamba yamegawanywa vipande kwa vipande, na kila boma linataka maji yake na choo chake. Kijana mwenye sururu, ndoo na kamba hakosi kibarua kuanzia Nyamache hadi Ekerenyo.

Makala haya ni ya kijana huyo na ya mwenye boma anayemwita. Yanahusu taa, kifaa ambacho mafundi wengi hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki baada ya kamba na ndoo, na mara nyingi kwa kuangalia jambo moja tu: inamulika kwa ukali kiasi gani pale kibandani. Naamini huo ndio mwanzo wa makosa. Taa kuu ya kushukia shimoni ichaguliwe kwa muda wake, muda ambao mwenyewe umeupima na kuujua. Na hata ukipata iliyo bora kabisa, kumbuka kwamba haitakuambia lolote kuhusu hewa unayovuta.

Nianze na hewa hiyo, kwa sababu zamani taa na hewa vilikwenda pamoja. Aliyeshuka na koroboi au mshumaa alikuwa na mwanga na kipimo cha hewa katika mkono mmoja. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka hadi 17 au 16, mwali unafifia na kuzimika wakati mtu bado ana nguvu za kupanda. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliitegemea tabia hiyo katika taa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815, ambayo mwali wake ulizungushiwa wavu wa waya: ukirefuka, kuna gesi inayoweza kulipuka, ukififia, oksijeni imepungua. Tochi ya LED haina habari na hayo yote. Itawaka kwa nguvu ileile mahali ambapo mtu anaanguka baada ya pumzi chache. Aliyehama kutoka koroboi kwenda tochi amepata mwanga zaidi na kupoteza mlinzi, na inampasa kumtafuta mlinzi mwingine.

Kwa kisima kipya kilichochimbwa katika udongo safi, njia ya zamani bado inafaa kama hatua ya kwanza: kila asubuhi kabla ya mtu kushuka, teremsha mshumaa unaowaka ndani ya ndoo hadi chini kabisa, uache dakika kadhaa, uutazame. Ukififia au kuzimika, hashuki mtu. Lakini usithubutu kuteremsha moto kwenye choo cha zamani au karo, kwa sababu humo mna methani, na methani hulipuka. Choo kilichokwisha kutumika kisiingiwe na mtu hata kidogo. Kifukuliwe kutoka juu au kifukiwe, kichimbwe kingine. Ujue pia kwamba mshumaa hauoni kila kitu. Hautambui haidrojeni salfaidi, gesi ya vyooni inayonuka kama yai viza mwanzoni, kisha ikizidi inaiua pua yenyewe ukadhani imeondoka. Hautambui kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu iliyomo katika moshi wa injini. Ndiyo maana pampu ya petroli au jenereta haiteremshwi kisimani kwa sababu yoyote ile, wala haiwekwi mdomoni mwa shimo upepo ukielekea ndani. Kuna mita ndogo zinazopima oksijeni, kaboni monoksaidi, haidrojeni salfaidi na gesi za kulipuka kwa pamoja, na zinalia hatari ikikaribia. Bei yake inamshinda fundi mmoja, lakini chama cha mafundi kumi wanaofahamiana kinaweza kuimiliki moja na kuizungusha.

Wakazi wa sehemu za juu wana sababu ya kuongeza tahadhari. Kuelekea Borabu mwinuko unakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Miili yetu imezoea, lakini akiba ya oksijeni tunayoanza nayo ni ndogo zaidi, na ikipungua kidogo tu shimoni tunafika pabaya mapema.

Na mtu akianguka chini, asishuke mwingine kumfuata bila kifaa cha kupumulia na kamba iliyoshikwa na watu juu. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo katika mahali pa kubana namna hii ni vya watu waliokwenda kuokoa wenzao. Anayeshuka awe amefungwa kamba ya kifuani tangu mwanzo, ili akizidiwa avutwe na walio juu.

Sasa taa yenyewe.

Taa kuu ikae kichwani, juu ya kofia ngumu, kwa sababu mikono miwili ina kazi. Kofia haina mjadala. Ndoo iliyojaa udongo hupanda ikiyumba, na jiwe la ukubwa wa ngumi likidondoka kutoka futi 30 halichagui pa kutua. Kata vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, uvifunge juu ya mkanda wa taa upande wa mbele na wa nyuma, ili usiteleze kwenye plastiki yenye jasho. Taa ambazo betri yake imewekwa kisogoni hutulia vizuri kuliko zile zenye uzito wote kwenye paji la uso, ambazo huinama kila ukiinama na kuishia kumulika matumbo ya miguu yako.

Halafu tazama umbo la mwanga. Kisima cha mkono huwa na upana wa futi tatu au nne, yaani ukuta uko nusu mita kutoka machoni. Tochi inayosifiwa kwamba mwanga wake unafika mita 500 imetengenezewa mlinzi wa shamba la chai, anayetaka kuona ng'ambo ya mto. Ukiiwasha kisimani inachora duara jeupe kali ukutani na kuacha giza pembeni, na ni hapo pembeni ufa unapoanza. Wewe unataka mwanga mpana, uliotandazwa sawasawa, unaokuonyesha ukuta na miguu yako kwa mtazamo mmoja. Kama kioo cha taa ni kile cha kuvuta na kusukuma, kisukume hadi mwanga ufunguke kabisa, kisha ukibandike kwa utepe usicheze.

Jambo moja linageuza hesabu hii, nalo ni vumbi. Ukivunja mwamba mkavu, chembe zinaelea mbele ya uso, na taa iliyo juu ya macho inazimulika zote zikakurudishia mwanga. Unaona ukungu mweupe na huoni ukuta. Wapiga mbizi wanaoingia mapango yaliyojaa maji wanalifahamu tatizo hili kuliko mtu yeyote, maana tope likitibuka hawaoni hata vidole vyao. Suluhisho lao ni kuitenga taa na macho: huishika mkononi, pembeni ya mwili, na mwanga wenyewe huwa mwembamba ili uguse chembe chache. Nawe fanya hivyo. Vumbi likipanda, vua taa uishike chini usawa wa kiuno, au itundike kwenye msumari ukutani upande wa bega, na uone jinsi ukungu unavyopungua.

Rangi ya mwanga nayo inahusu usalama, ingawa wauzaji hawaitaji. LED za bei ya chini hutoa mweupe wa kibuluu, na chini yake udongo wetu mwekundu unaonekana kijivu chote. Fundi anayesoma ukuta anahitaji kuona pale udongo mwekundu mgumu unapoishia na wa mfinyanzi kuanza, pale unyevu unapotokeza, pale tabaka la changarawe linapoashiria kwamba ukuta unaweza kumeguka. Chagua mwanga unaokaribia ule wa asubuhi, usio wa kibuluu wala wa manjano sana. Jaribio lake ni rahisi: kwenye duka lenye kivuli, mulika kiganja chako. Mkono ukionekana kama wa maiti, rudisha taa hiyo.

Tufike kwenye nambari zilizochapwa kwenye boksi, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Mwanga wote unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Nusu mita kutoka ukutani, lumeni 100 hadi 200 zinatosha na kubaki. Lumeni 1,000 katika shimo jembamba zinakuumiza macho, na ukiinua kichwa kumwangalia mwenzako aliye juu, au ukizima kidogo, unakuwa kipofu kwa muda. Jicho linahitaji dakika 20 au zaidi kulizoea giza upya. Isitoshe, taa ndogo haiwezi kuhimili ukali huo. Inapata joto, na baada ya dakika chache inajishusha yenyewe.

Muda ulioandikwa nao uusome kwa jicho kali. Kipimo cha Marekani kinachofuatwa na kampuni nyingi za tochi, kiitwacho ANSI FL1, kinahesabu muda tangu sekunde 30 baada ya taa kuwashwa hadi mwanga wake unapobaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo saa 40 zilizochapwa zinaweza kuwa saa mbili za mwanga wa kazi na saa 38 za kufifia. Hizo ni taa za kampuni zinazofuata kipimo. Nyingi zilizopangwa kwenye vibanda hazikupimwa na mtu.

Unaweza kuumbua boksi kwa hesabu ya darasa la sita. Betri ya kawaida ya tochi za kuchaji ni ile ya silinda yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, iliyoandikwa 18650. Ya kweli, ya kiwango cha kati, hubeba takriban mAh 3,000 kwa volti 3.6. Zidisha: unapata kama wati-saa 11. LED nzuri hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 200 basi zinakula wati mbili, na betri hiyo itakupa saa tano au zaidi kidogo. Huo ni ukweli unaoweza kuupangia kazi. Boksi linaloahidi lumeni 1,000 kwa saa kumi kwa betri moja linataka wati-saa 100 kutoka kwenye kitu chenye 11. Liweke chini, uende kibanda kingine.

Na betri zenyewe zinadanganya. Niliwahi kusimama kwenye meza ya fundi wa redio mjini Kisii akifungua taa ya kichwani iliyoletwa kwa kuwa haikai na chaji. Betri ilikuwa na ganda la rangi kali lililoandikwa mAh 9,900. Hakuna betri ya 18650 inayofika hapo. Nyingi zilizo bora huishia karibu 3,500. Aliiweka kwenye mizani ndogo ya jikoni, haikufika gramu 30. Kisha akaweka nyingine aliyoitoa kwenye betri ya kompyuta iliyokufa, kuukuu lakini halisi: ilipita gramu 45. Uzito ndio hakimu wa haraka kuliko maandishi yoyote. Ukienda kununua, omba betri itolewe uishike. Nyepesi isiyo ya kawaida usiichukue, hata ukipunguziwa bei.

Nyumbani ipime taa yote kabla haijaenda shimoni. Chaji hadi ijae, zima taa za sebuleni usiku, iwashe kwenye kiwango utakachofanyia kazi, uimulikie ukutani kutoka nusu mita. Kila nusu saa piga picha kwa simu ukiwa umeifunga kamera isijirekebishe mwanga, au weka gazeti chini yake ujaribu kusoma. Saa ambayo maandishi madogo yanaanza kukushinda ndiyo mwisho wa taa hiyo. Uandike kwa kalamu isiyofutika kwenye mkanda: saa nne, saa tano, vyovyote vile. Wapiga mbizi wa mapangoni wana kanuni ya theluthi kwa hewa ya kwenye mitungi yao: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya dharura. Kwa taa ya kisimani mimi ningesema nusu inatosha. Taa uliyoipima saa nne ikupe zamu ya saa mbili, kisha upande, upumzike, ubadilishe betri. Zamu ya saa mbili shimoni ni ndefu hata kwa kijana.

Kuna taa zinazopoteza mwanga polepole na kuna zile zinazoshikilia ukali uleule hadi betri ikaribie kuisha, kisha zinazimika ghafla. Watu wanaofanya kazi gizani hubishana sana juu ya ipi ni bora. Inayofifia polepole inakuonya, lakini inakuzoesha kufanya kazi kwenye mwanga hafifu bila kujua. Mimi naipendelea inayoshikilia, mradi iwe na dalili ya wazi kabla ya kuzimika, kama vile kushuka hatua moja au kupepesa mara mbili, na mradi mwenyewe anafuata saa iliyoandikwa kwenye mkanda.

Swichi usiipuuze. Taa nyingi za vibandani zina kitufe kimoja kinachozunguka: kali, ya kati, hafifu, kisha ya kumwekamweka. Ukiwa na glavu zilizojaa tope unataka kuongeza mwanga, unaishia na kimulimuli katika shimo la futi tatu, na kizunguzungu kinakupata. Tafuta inayowaka na kuzimika kwa kubonyeza mara moja. Kama ina kifuniko cha nyuma cha kuzungusha, kilegeze robo mzunguko unapoiweka begani, isijiwashe yenyewe njiani na kufika ikiwa imekufa.

Maji yatakuja tu, kwa sababu ndiyo yanayotafutwa, na hata kabla hayajaja kuna mvua za Gusii zinazoshuka mchana karibu mwaka mzima, na za Aprili hazina huruma. Alama ya IPX4 inamaanisha taa inavumilia matone na kurushiwa maji. IPX7 ni kuzama hadi mita moja kwa nusu saa. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Asipokitaja, alama hiyo haina uzito. Kwa kisima chukua IPX7. Mahali panapovuja mara nyingi ni tundu la chaji lililozibwa kwa kipande cha mpira kinacholegea baada ya miezi michache, kwa hiyo taa yenye betri ya kutoa na kuchajia nje inadumu zaidi shimoni. Ndani ya kifuniko chake utakuta mpira wa duara. Ufute kwa kitambaa safi kila unapobadilisha betri, kwa sababu unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake ni mlango wa maji, kisha uupake mafuta kidogo ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yanayotokana na petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Yaache kwa ngozi.

Jioni ya siku unayoinunua, itumbukize kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ikiwa inawaka. Ukiona umande ndani ya kioo, irudishe dukani risiti ikiwa bado mpya.

Wala IPX7 isimdanganye mtu kuingia nayo mtoni. Inatokea mto Gucha ukifurika, au kwenye machimbo yaliyojaa maji, mtu anazama na vijana hodari wanajitosa kumtafuta na tochi mkononi. Kila mita kumi za kina huongeza shinikizo lingine sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Mwaka 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na mama na bintiye wakafariki, lilipatikana katika kina cha mita 58, na iliwachukua wapiga mbizi wa jeshi la majini na wa binafsi karibu wiki mbili kulitoa. Hao walikuwa na mafunzo na vifaa. Maji ya Gucha wakati wa mvua ni kama chai ya maziwa. Mwanga mpana ndani yake unageuka pazia, na hata mwembamba haufiki mbali. Mwenye tochi ya kichwani abaki ukingoni, awamulikie walio na kamba.

Kanuni moja ya wapiga mbizi ningependa kila fundi aichukue kama ilivyo: wanaoingia mapangoni hubeba taa tatu kila mmoja, moja kuu na mbili za akiba. Kuu ikizimika, unawasha ya akiba na safari inaishia hapo. Hakuna anayeendelea na kazi kwa ya pili huku akisema ya tatu ipo. Kwako wewe, akiba ya kwanza iwe tochi ndogo iliyofungwa kwa uzi shingoni, ndani ya shati, inayotumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka kuanzia Kebirigo hadi Kenyenya. Usinunue zile za bei ya chini kabisa; na ukimaliza kazi zitoe, maana zikivuja zinakula shaba ya ndani. Akiba ya pili inaweza kuwa taa ndogo ya sola iliyoning'inizwa kwa kamba yake mwenyewe kutoka juu. Taa za sola zina faida moja ambayo tochi hazina: Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za mpango wa Lighting Africa wa IFC na Benki ya Dunia, uliozipima maabara, na leo zilizopita vipimo hivyo ziko kwenye orodha ya VeraSol. Muda unaosomwa kwenye boksi la taa kama hiyo umethibitishwa. Ila uichaji asubuhi. Kwetu jua la alasiri halitegemewi.

Simu haihesabiki kati ya hizo tatu. Inahitaji mkono, inaogopa maji, na ndiyo itakayotumika kuita msaada. Iache juu kwa mwenzako.

Walio juu nao wana kazi ya mwanga. Asubuhi jua likiwa limetoka, kioo cha futi mbili kikishikwa vizuri mdomoni mwa kisima kinatupa mwanga chini kuliko tochi yoyote unayoweza kuimudu, bure, bila betri. Anayekishika akiegemeze kwenye gogo badala ya kukishikilia mkononi, na kifungwe kwa waya kisidondoke. Kwa kazi ndefu, balbu ya LED ya volti 12 iliyounganishwa na betri ya pikipiki au gari na kuteremshwa kwa waya wake inafaa sana. Umeme wa stima wa volti 240 usiingie katika shimo lenye unyevu, hata kwa dakika tano, hata kama mwenye nyumba anasema waya wake ni mpya.

Taa pia ni njia ya kusemezana. Sauti hupotea chini ukipasua mwamba, na kamba huvutwa kwa sababu nyingi. Kubalianeni kabla ya kushuka: wapiga mbizi huzungusha mwanga taratibu kwa duara kusema mambo ni shwari, na huutikisa upesi kushoto na kulia kusema kuna hatari. Aliye juu amulike mara moja kila dakika kumi na kusubiri duara. Asipoliona, anavuta.

Kuhusu kununua, angalia kama taa ina nembo ya KEBS, na nambari ya kibali iliyo chini ya nembo itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili ujue ni ya bidhaa gani na ya kampuni gani. Kama pesa hazitoshi kununua zote tatu za kiwango cha juu kwa wakati mmoja, usinunue moja ya bei kubwa. Nunua kuu ya kiwango cha kati yenye betri halisi, na tochi mbili ndogo za kawaida. Mwezi ujao ongeza betri ya pili ya taa kuu na chaja inayojizima ikijaa, uichajie mahali unapoiona, mbali na godoro. Betri iliyovimba au kuchubuka ganda isichajiwe tena.

Neno la mwisho ni kwa mwenye boma. Visima vyetu hulipwa kwa futi, na malipo ya futi yanamsukuma kijana kubaki chini taa ikififia ili amalize futi ya nne kabla ya mvua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama wa anayemfanyia kazi. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, omba kuonyeshwa taa tatu zikiwaka, kofia, kamba ya kifuani na watu wawili watakaokaa juu. Wasipokuwa navyo, panga bei ya betri na taa ndani ya makubaliano, sehemu yake uilipe wewe, na vibaki kwao kazi ikiisha. Na ongeza siku moja kwenye mpango wako wa kisima, ili siku ambayo mshumaa umezimika asubuhi pasiwe na mtu wa kumharakisha mwingine ashuke.